Shajara ya Galant: kelele za alfajiri

Mwanzo wa Julai: hali ilivyo

Gari ni Mitsubishi Galant ya 1990, bodi ya E33, injini ya 4G63 ya lita mbili, kamshafti moja na valvu nane. Linalala nje hapa Lanet, Nakuru, kwa kuwa banda la gari la ploti yetu mwenye nyumba aliligeuza stoo ya mahindi. Ukiliwasha alfajiri linagonga upande wa juu wa injini, taka-taka-taka ya haraka kama cherehani kuukuu, na kadiri linavyopata moto ndivyo linavyonyamaza. Ikifika saa nne asubuhi husikii kitu. Kwa hiyo kila ninapolifikisha gereji injini ni kimya, na fundi ananitazama mimi badala ya kulitazama gari.

Fundi wangu wa gereji ya mtaa wa Shabab nilimrekodia sauti kwenye simu. Alitoa hukumu kabla rekodi haijafika katikati: "Bosi, hizo ni tapeti. Tutoe zote nane, tuweke mpya, shida iishe." Huenda yuko sawa. Lakini tapeti nane za kampuni si pesa za mchezo, na zile za bei nafuu nimewahi kuzisikia zikigonga zikiwa bado zinanukia kartoni. Mradi huu basi una sharti moja: hainunuliwi spea yoyote mpaka kelele yenyewe ionyeshe inakotoka.

Jumapili mchana: tapeti zenyewe

Jirani yangu mzee, aliyeendesha Peugeot 504 za abiria kati ya Nakuru na Nairobi enzi zake, alipita akakuta boneti iko juu.

"Kijana wangu, hizo unazipima na fila, vile vibamba vya kupimia mwanya. Kumi upande wa kuvuta, ishirini na tano upande wa ekzosi, umemaliza."

Hajasahau kitu. 504 ilitaka mwanya wa milimita 0.10 kwenye valvu za kuvuta hewa na 0.25 kwenye za kutoa moshi, injini ikiwa baridi, na fundi mzuri wa Nakuru alikuwa anaziseti huku abiria wakinywa chai. Nikamwambia, "Mzee, hii haina hata pa kuingiza fila." Akainama, akatazama, akasema basi Wajapani wamewanyima mafundi kazi, akaendelea na safari yake ya dukani.

Katika injini hii ncha ya kila roka (mkono wa chuma unaosukumwa na kamshafti), ile inayoikanyaga valvu, imetobolewa, na ndani ya tundu hilo kimekaa kichupa cha chuma cha kushika kwa vidole viwili, nacho ndicho tapeti. Ndani ya kichupa mna pistoni ndogo, springi na gololi. Oili inasukumwa na pampu, inapita ndani ya shafti ya roka, inaingia kichupani na kuisukuma pistoni mpaka mwanya wote kati ya roka na valvu uishe. Gololi inaziba njia isirudi. Oili haibonyei, kwa hiyo roka inakaa juu ya valvu bila nafasi na bila kelele. Penye oili pakiingia hewa, hewa inabonyea, mwanya unarudi, chuma kinagonga chuma.

Kuna jambo mafundi wengi hawalisemi. Injini ikizimwa daima kuna valvu zinazobaki wazi, na springi zake zinazibana tapeti hizo usiku kucha. Kufikia asubuhi zimevuja. Sekunde moja au mbili za kugonga kabla oili haijafika si ugonjwa. Galant yangu inapita hapo mbali.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri

Kipimo cha kwanza hakitaki spana. Nililaza simu juu ya dashibodi, kamera ikiielekea taa ya oili, nikawasha. Swali lilikuwa moja: kelele inaisha taa inapozimika, au inaendelea?

Inafanya yote mawili. Taa ilikaa sekunde nne hivi baada ya injini kushika, na muda huo wote kelele ilikuwa nzito, ya vyuma vingi pamoja. Taa ilipozimika kelele hiyo ikakatika mara moja. Ikabaki nyingine nyembamba, kavu, ya mpigo mmoja, ambayo nilikuwa siisikii vizuri siku zote kwa sababu ilifunikwa na ile ya kwanza. Hii ya pili iliendelea dakika kadhaa, mpaka mshale wa moto wa injini pale dashibodi ulipoanza kunyanyuka kutoka chini.

Kwa hiyo ni kelele mbili, na huenda zina vyanzo viwili. Kuanzia leo naziandika mbalimbali: ya taa, na ya mshale.

Jumanne

Dipstiki inaonyesha oili imepita alama ya juu kwa upana wa kidole. Mahali palipofanyiwa sevisi ya mwisho walimimina mtungi mzima wa lita tano bila kupima, wakati injini hii inashika lita nne na ushee pamoja na filta. Oili ikizidi, krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inaichapa mpaka inatoa povu, na povu ni hewa inayosafiri hadi kwenye tapeti. Ikipungua sana nako pampu inavuta hewa. Nililegeza boliti ya sampu, karai la oili chini ya injini, nikaipunguza hadi kati ya alama mbili.

Kesho yake, hakuna mabadiliko. Haidhuru, lilikuwa jambo la kuondoa njiani.

Kuhesabu mapigo

Video ya simu inaweza kuchezwa polepole, na hapo ndipo ile kelele nyembamba ilipoanza kujieleza. Ikiwa baridi injini inazunguka kama mizunguko 1,400 kwa dakika. Kamshafti inakwenda nusu ya krenki, yaani 700. Tapeti moja mbovu hugonga mara moja kwa kila mzunguko wa kamshafti, sawa na mara kumi na moja au kumi na mbili kwa sekunde. Nilihesabu kwenye video iliyopunguzwa kasi, na ndicho nilichopata. Beringi ya krenki ingefuata kasi ya krenki, mara mbili ya hapo, na ningekuwa ninaandika shajara ya aina nyingine.

Kwa hiyo chanzo ni kimoja, hakiwezi kuwa nane. Wazo la kutoa tapeti zote limeanza kuyumba. Ila hesabu hii ina mtego: silinda moja hulipua mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Kitu chochote kinachofuata mlipuko wa silinda moja kina mwendo ule ule wa tapeti.

Geji

Fundi alinikopesha geji yake ya presha ya oili huku akitikisa kichwa. Unafungua swichi ya taa ya oili, unafunga geji mahali pake. Kitabu cha Mitsubishi kinataka angalau kilopaskali 80 injini ikiwa na moto na haijakanyagwa mafuta. Yangu ilipita 100. Pampu nzima, beringi nzima.

Kilichonifurahisha kilikuwa kipimo cha asubuhi. Starta ilizunguka, injini ikashika, mshale wa geji ukabaki umelala kwenye sifuri. Ukalala. Kisha ukaruka kwa mkupuo mmoja hadi juu, na papo hapo kelele nzito ikakatika. Pampu iliyochoka ingeupandisha mshale polepole. Huu uliruka, maana yake pampu ilikuwa inafanya kazi tangu mwanzo, ila ilikuwa inajaza mahali palipokauka usiku.

Kisumu, wikendi

Nilikuwa na harusi ya binamu Kisumu, na gari lilipata safari ya kipimo bila kujua. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu ni 1,100 na ushee tu, na asubuhi za Julai za huko unatoka nje bila sweta. Kama kelele zote mbili ni za baridi, zote zingepungua.

Njiani, kwenye kona za Kericho, Galant ilipanda bila kulalamika, na mjomba aliyekuwa kiti cha nyuma akaanza hadithi ya Joginder Singh, mzaliwa wa hapo hapo Kericho, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1974 na tena 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Kwa wazee wa rika lake jina la Mitsubishi nchini lilijengwa na huyo. Nilimwacha aendelee, ni afadhali kuliko kuulizwa gari litauzwa lini.

Asubuhi ya Kisumu ilinipa jibu. Kelele ya mshale ilikuwa fupi sana, karibu isisikike. Kelele ya taa ilikuwa na urefu ule ule wa Nakuru, sekunde nne. Baridi haiihusu. Tulipotoka ukumbini mchana, baada ya gari kusimama saa mbili, haikuwepo kabisa. Kinachoileta ni saa za kusimama: oili inateremka usiku na kurudi kwenye sampu, na kulipopambazuka hakuna kitu njiani.

Kwenye injini hii filta ya oili imelala ubavu. Chini ya sahani ya filta hukaa raba ya duara inayotakiwa kuiachia oili iingie na kuizuia isirudi. Raba isipozuia, filta inajimwaga kupitia pampu.

Filta

Nilinunua nyingine, na dukani kabla ya kulipa niliingiza njiti ya kiberiti kwenye matundu ya pembeni. Raba ilisukumika ikarudi yenyewe mahali pake. Mwenye duka alidhani natafuta alama ya bandia, akanihakikishia mara mbili kwamba ni ya kampuni.

Ya zamani niliikata kwa msumeno wa chuma barazani. Raba yake ilikuwa nyeusi, imekauka, imepinda kuelekea ndani, na ukingo wake una mkunjo ambao haukuwa unagusa sahani kabisa. Nilipoikunja kwa vidole ilikatika vipande viwili. Ile mpya ina raba ya silikoni ya rangi ya matofali, ambayo huvumilia joto kuliko hizi nyeusi. Karatasi ya ndani ilikuwa safi, hakuna vumbi la chuma linalong'aa; nayo ni habari njema.

Oili sikuibadilisha makusudi, niliongeza tu iliyomwagika. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kilikusaidia.

Asubuhi iliyofuata taa ilizimika baada ya sekunde moja na kitu. Kelele ya taa imekwisha, isipokuwa mpigo mmoja au miwili ya tapeti zilizobanwa usiku, na hiyo nimeshasema si ugonjwa. Fundi nilimpigia kumwambia kazi imefanywa na filta. Akacheka, "Na hiyo nyembamba je?"

Hiyo nyembamba bado ipo.

Ushauri wa mafuta ya taa

Fundi alipendekeza tumwage nusu lita ya mafuta ya taa kwenye oili, injini izunguke kidogo, tumwage yote. Ni dawa ya zamani ya gereji zetu na wako watakaokuapia kwamba inafanya kazi. Nimekataa. Uchafu mkavu ukibanduka kwa wingi unashukia kwenye wavu wa pampu ndani ya sampu, na oili iliyochanganywa mafuta ya taa inakuwa nyepesi wakati ule ule beringi zinapoihitaji. Injini hii haina tope jingi hata hivyo; ukichungulia kwenye mdomo wa kujazia oili unaona kamshafti yenye rangi ya asali. Wa kumwosha ni yule ambaye ni mchafu.

Molo

Kwa wakwe, Molo, usiku mmoja. Molo ni juu zaidi, karibu mita 2,500, na mwezi huu baridi yake inaingia mpaka ndani ya blanketi. Asubuhi kioo cha mbele kilikuwa na umande mzito na mama mkwe akasisitiza ninywe uji kwanza. Niliwasha gari, kelele ya mshale ikaanza, ikawa ndefu na kali kuliko nilivyowahi kuisikia Nakuru. Hii ndiyo ya baridi kweli.

Niliwasha hita ili nisafishe kioo. Ndani ya gari kukaingia harufu ya moshi wa ekzosi.

Nilizima hita, nikafungua vioo vyote, nikatoka nje. Harufu hiyo haina uhusiano wowote na tapeti, na moshi unaoingia ndani ya gari si kitu cha kusubiri mwisho wa mwezi, kwa sababu sehemu yake inayoua haina harufu. Nilirudi Nakuru vioo vikiwa chini, nimejifunga shuka.

Injekta moja moja

Kwenye uwanja wa ploti, injini baridi. Unaiwasha, unachomoa plagi ya umeme ya injekta, kile kinachopulizia petroli, ya silinda ya kwanza, unasikiliza, unairudisha, unakwenda ya pili. Silinda isiyopata petroli hailipui, lakini valvu zake zinaendelea kufunguka na kufunga, kwa hiyo tapeti mbovu ingeendelea kugonga vile vile.

Ya kwanza: injini ikatetemeka, kelele ipo. Ya pili, ipo. Ya tatu, ipo. Nilipochomoa ya nne kelele ikazimika kana kwamba nimeifunga bomba. Nikairudisha, ikarudi.

Basi si tapeti. Ni kitu kinachofuata mlipuko wa silinda ya nne. Kimebaki kuwa ama pistoni inayopiga ukuta wa silinda ikiwa baridi, ama moshi unaotoroka. Jirani mzee alikubali kukaa nyuma ya gari na kukandamiza kitambaa kinene kwenye mdomo wa ekzosi kwa sekunde chache. Kelele iliongezeka ukali, na katikati yake nikasikia mvujo wa hewa, tss-tss-tss, kutoka kwenye manifoldi, bomba linalopokea moshi kutoka kwenye silinda. Pistoni isingejali kitambaa.

"Nimeziba vya kutosha?" mzee aliuliza.

"Vya kutosha, Mzee. Achia usije ukaungua."

Kwa tochi na kioo cha kunyolea niliona doa la masizi kwenye hedi, sehemu ya juu ya injini, chini ya mlango wa silinda ya nne, limetandaa kuelekea nyuma. Stadi ya chini, ile boliti isiyo na kichwa inayoshika manifoldi, imekatika ndani kwa ndani. Nati yake haipo, ilishaanguka barabarani miaka gani sijui.

Sababu yenyewe ni ya chuma tu. Manifoldi ni ya chuma cha kuyeyusha, hedi ni ya aluminiamu, na kila moja inatanuka kwa kiasi chake. Zinavutana kila siku, na stadi za pembeni kabisa ndizo zinazobeba mvutano mkubwa. Ikiwa baridi manifoldi inakaa wazi kidogo kwenye kona hiyo na kila mlipuko unapiga makofi pale. Ikipata moto inatanuka, inajibana, inanyamaza. Ndiyo maana Kisumu ilikuwa fupi na Molo ikawa ndefu.

Kung'oa stadi

Kazi hii nilimwachia fundi wa kulehemu wa jua kali, jirani na gereji ya Shabab, na nakiri ilikuwa raha kumtazama. Stadi ilikatika usawa wa hedi, hakuna pa kushika kwa spana. Wengine wangeanza kutoboa, na keekee ikiteleza unatoboa aluminiamu, halafu unatafuta hedi nyingine. Yeye alisafisha uso wa stadi kwa brashi ya waya, akaweka nati juu yake, na kupitia tundu la nati akadondosha chuma cha kulehemu, tone juu ya tone, mpaka nati na stadi zikawa kitu kimoja. Aluminiamu haishikamani na chuma hicho, kwa hiyo hata tone likimwagika pembeni halileti balaa. Akasubiri wekundu uishe. Akaweka spana, akaisogeza mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele, nyuma, huku akidondoshea oili ya kupenyeza. Ya kwanza nati ilibanduka. Akarudia. Safari hii kulisikika kijimlio, na stadi ikaanza kutoka ikiwa na kutu nyekundu nusu ya urefu.

"Huyu alikuwa amelala muda mrefu," akasema, akanipa mkononi ikiwa bado ya moto.

Uso wa manifoldi aliupima kwa rula ya chuma, ukawa umepinda kidogo sana, akausawazisha. Stadi mpya, gasketi mpya, nati za shaba ambazo hazigandi. Kufunga ni kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, sio kukaza moja mpaka mwisho.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na moja, ndipo niliposikia kitu ambacho sijakisikia tangu ninunue gari hili: jogoo wa jirani, injini ikiwa inanguruma.

Ya tatu

Ukimya huo ulidumu mpaka nilipofungua boneti na kusogeza sikio. Kuna mpigo mwepesi bado, wa mbali, upande wa silinda ya tatu. Unaanza baridi, unafifia, lakini hauishi kabisa hata injini ikiwa na moto. Nilichomoa injekta ya tatu na haukubadilika. Sasa ndiyo tunazungumza tapeti, Fundi.

Tulifungua kava ya tapeti pamoja, maana sikutaka kumnyima ushindi wake. Kipimo ni cha kidole gumba: unazungusha krenki kwa spana mpaka valvu za silinda zifunge, unaibonyeza roka upande wa tapeti. Tapeti nzima haisogei, unasukuma ukuta. Ya ekzosi ya silinda ya tatu ilizama kama milimita moja, polepole, na kutoa kipovu kidogo cha oili pembeni. Nyingine saba zilikuwa ngumu.

Shafti za roka zinalegezwa boliti zote kidogo kidogo kwa zamu, kwa sababu kamshafti inazisukuma upande mmoja. Kabla ya kuzinyanyua, kila tapeti ifungwe kwa mkanda wa plastiki kwenye roka yake, la sivyo zinadondoka na hutajua ipi ni ya wapi. Zikishazoeana na sehemu yake hazipendi kuhamishwa.

Kuosha: chombo cha dizeli safi, waya mwembamba. Unaizamisha tapeti, unaingiza waya kwenye tundu la juu na kuisukuma gololi kwa upole, huku unaibonyeza pistoni juu na chini. Dizeli iligeuka rangi ya chai. Vipovu vilitoka, vikapungua, vikaisha. Ukitoa waya na pistoni ikawa haibonyezeki tena, imepona. Hii ya tatu ilikaa ngumu kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha ikaanza kuzama. Nikairudia na dizeli nyingine, vile vile. Gololi au kitako chake kimelika, na hakuna dizeli ya kurudisha chuma kilichokwenda.

Niliagiza moja tu, kutoka maduka ya spea ya Grogan, Nairobi, ikaja kwa matatu jioni ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Fundi aliuliza kwa nini nisiweke nane maadamu kava iko wazi. Nikamwonyesha zile saba kwa kidole gumba, moja moja.

Baada ya kufunga tuliiacha nusu saa bila kugusa ufunguo. Tapeti iliyojaa kupita kiasi inaweza kuiacha valvu wazi, na injini hii valvu na pistoni zinaweza kukutana. Tukaizungusha kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili ya krenki, hakuna kilichogusa. Ndipo ikawashwa. Ilipopata moto tukaipandisha taratibu hadi mizunguko 3,000, tukaishusha taratibu, kama nusu dakika kwa kila mzunguko wa kupanda na kushuka, tukirudia mpaka hewa yote ikatoka. Mwenye nyumba alitoka kuuliza kama tunajaribu ndege.

Oili

Kwa kuwa mambo mengine yametulia, sasa ndiyo zamu ya oili. Ilikuwa ya daraja la uzito la 20W-50, ambayo vituo vingi vya mafuta hapa nchini vinakupa bila kukuuliza. Katika nyuzi 40 huwa nzito karibu mara moja na nusu kuliko 10W-40, na katika asubuhi ya Nakuru tofauti inakuwa kubwa zaidi. Nimeweka 10W-40. Geji ya fundi kabla sijairudisha ilionyesha presha ya moto imeshuka kidogo tu, bado iko juu ya 80, na ya asubuhi inaruka upesi zaidi. Mtu wa Kisumu mwenye injini iliyochoka anaweza kubaki na 20W-50 yake na sitabishana naye. Mtu wa Molo nitabishana naye.

Mwisho wa Julai

Gari lilisimama siku kadhaa bila kuguswa nilipokuwa na homa. Nilipoliwasha liligonga sekunde moja, likanyamaza. Hiyo naiacha.

Tulipokuwa tumefungua juu nilichungulia belti ya taiming kupitia kifuniko chake. Ina nyufa za nywele kwenye mgongo. Injini hii ina belti mbili: kubwa ya kamshafti, na ndogo ya shafti za kusawazisha mtetemo, zile Mitsubishi walizoziita Silent Shaft na ambazo Porsche walizilipia haki ya kuzitumia kwenye 944. Ile ndogo ikikatika huvutwa na kuingia kwenye kubwa, na kubwa ikiruka meno valvu zinaikuta pistoni. Sijui ilibadilishwa lini. Aliyeniuzia hakuacha karatasi. Nimeshaagiza belti zote mbili, roli na pampu ya maji kwa pamoja. Jumamosi gari linaingia Shabab, na mpaka siku hiyo natembea na matatu za Lanet.